Evrado wa Marjun, Mtu wa Viapo Viwili

Tulieni, wana wa Marjun, mkae kwa heshima, maana nitakayemtaja leo hatajwi ovyo. Ni habari ya enzi zile Wafaranga, watu wa msalaba, walipoishika nchi ya Sham ngome kwa ngome, wakimpigania Mungu asubuhi na kupigana wao kwa wao jioni. Ndipo alipozaliwa Evrado, mwana wa Gotie mpanda farasi aliyetoka ng'ambo ya bahari, na wa Zabela Mwarmenia, binti wa wenye chemchemi; Evrado mwenye kifua kama lango, aliyelishikilia daraja peke yake mbele ya maadui mpaka wanawake na watoto wa kilima hiki wakavuka salama.

Kwa baba alirithi ngome ya juu, iliyokuwa chini ya Bwana Raulfo wa kaskazini. Kwa mama alirithi chemchemi ya bondeni, iliyokuwa chini ya Bwana Hugolini wa pwani. Na desturi ya Wafaranga ilikuwa hii: mtu hupiga magoti, hutia mikono yake katikati ya mikono ya bwana wake, huapa kumtumikia vitani, akivunja kiapo hunyang'anywa ardhi, na akifa hajakivunja, ardhi ni ya mtoto wake na bwana haigusi. Evrado aliwaapia wote wawili katika hema moja, kwa kuwa wakati huo mabwana hao walikuwa chanda na pete, wakipigana bega kwa bega dhidi ya amiri wa jangwani. Hilo ndilo kosa lake, nasi hatulifichi.

Haukupita muda, ngome moja ya bandarini ikabaki bila mrithi, na kila bwana akaitaka. Raulfo akamwendea amiri yule yule ambaye yeye mwenyewe aliapa kumtoa roho, akala naye mkate, akarudi na wapanda farasi wa amiri huyo. Hugolini naye akawaita ndugu watu ambao mwaka uliotangulia aliwaita wezi. Wakubwa hawana haya. Kisha kila mmoja akatuma mjumbe Marjun kumwita Evrado vitani.

Akimkataa Raulfo, ngome inakwenda, na watu wake hawana pa kujificha. Akimkataa Hugolini, chemchemi inakwenda, na watu wake hawana cha kunywa. Wajumbe wakamcheka usoni: "Mshika mbili, moja humponyoka."

Evrado akasimama mbele ya watu akatamka: "Hugolini nampa mwili wangu. Raulfo nampa wapanda farasi wangu wote, na mdogo wangu Simoni atawaongoza. Marjun hakitavunjwa kiapo." Watu wakashangilia werevu ule. Simoni hakushangilia, kwa kuwa alikwisha kuona utakakowafikisha.

Majeshi yalipokutana bondeni, Hugolini, asiyemwamini Evrado, akamweka mbele kabisa. Raulfo kwa ubaya ule ule akamweka Simoni mbele. Ndugu wale wakatazamana, Simoni akashusha mkuki. Raulfo akapaza sauti kwamba mtu wa Marjun asiyepigana amevunja kiapo, na ngome inarudi kwake. Hugolini akatamka vivyo hivyo juu ya chemchemi.

Evrado akasogeza farasi mpaka sauti yake ikamfikia nduguye.

"Inua mkuki, Simoni."

"Kaka, nitume lolote jingine. Hili usinitume."

"Nikikuua wewe, nitabaki na mabwana wawili, na kesho wataniita tena. Nikifa mimi, nimewatimizia wote, na binti yangu Mariamu atarithi ngome na chemchemi pamoja. Sikuombi kama kaka. Nakuamuru kama mkuu wako."

Akarudi nyuma, akamchochea farasi, akaja mbio, upanga juu, kama ajavyo mtu aliyekusudia kuua, ili asipatikane wa kusema alijitoa auawe. Simoni akainua mkuki, wala hakuukwepesha. Evrado akafia mapajani mwake.

Mabwana wakatafuta kosa wasilione: adui wa Raulfo ameuawa, na Hugolini amepiganiwa na mtu wake mpaka kufa. Na kabla mavuno hayajaingia ghalani, Raulfo na Hugolini walipatana, wakaigawana ile ngome ya bandarini, wakacheka kwenye meza moja. Kila nikifika hapa moyo huniuma, na nyinyi msione aibu ukiwauma.

Mariamu akaikalia ngome, akaishika na chemchemi, na hapana bwana aliyethubutu kumgusa. Simoni alikuwa amekimbilia mapangoni, hali wala hasemi. Mariamu akaagiza aletwe, na watu wakakusanyika kutazama damu ikilipizwa. Akamwongoza mpaka kwenye maji, mbele ya wote, akamwambia, "Baba mdogo, nina kiu."

Simoni akachota, akamnywesha. Ndiyo maana hadi leo, kila anaposimikwa mkuu wa Marjun kutoka ukoo wa Evrado, maji yake ya kwanza huchotwa na mtu wa ukoo wa Simoni, naye mkuu huyanywa yote bila kuyaonja kwanza kwa hofu ya sumu.