Magoti ya Kuhani Ngiri

Hapo kale sana, wanangu, nyuma ya zamani za zamani, mimi mwenyewe nikiwa bado na nywele kichwani, palikuwa na mji wa wanyama ulioitwa Jiwekuu. Nimetembea miji mingi na kupotea katika yote, lakini mji wenye sheria nyingi kama ule sijauona tena. Ulikuwa na ukuta mrefu, lango moja, na hekalu la Radi, mungu wao. Nje ya ukuta alikaa Chui, naye hakuwa na sheria hata moja.

Kuhani Mkuu alikuwa Ngiri. Aliupataje ukuhani? Kwa magoti! Kila walipompita, wanyama walimkuta amepiga magoti, uso chini, midomo ikichezacheza.

“Lo! Mcha mungu wa kweli,” wakanong’onezana. “Anasali toka asubuhi!”

Wakamvika joho, wakampa na ufunguo wa hekalu. Hakuna aliyeinama kutazama kulikuwa na nini chini ya pua yake.

Sheria ya kwanza aliyotunga ilikuwa hii: aliyepiga magoti haguswi, hakatizwi, wala haulizwi swali.

Sasa basi. Kila wiki wanyama walimpelekea Radi kapu la viazi vitamu. Na kila wiki viazi viliisha. “Mungu amekula,” akasema Kuhani. Lakini mwaka ule mvua zikachelewa, wanyama wakaanza kuguna: mbona Radi anakula tu, hanyeshi? Kuhani akaona mambo yanaharibika. Akatoka hekaluni na unyoya wenye madoadoa.

“Mwizi amepatikana!” akapaza sauti. “Radi hajaonja hata kiazi kimoja. Vyote vimeliwa na mwenye unyoya huu!”

Mwenye unyoya alikuwa Kanga, mama wa vifaranga wanane, aliyefagia hekalu kila alfajiri.

Puu! Puu! Puu! Ardhi ikatikisika. Akaja Faru, mkuu wa walinzi, asiyeona zaidi ya pembe yake. Faru alijua sentensi moja tu ya kazi, nayo ilimtosha maisha yote.

“Simama! Umevunja sheria!”

“Nimesimama, baba,” akasema Kanga.

“Simama! Umevunja sheria!”

Akaburutwa hadi kwa Hakimu Kiboko, aliyehukumu akiwa ndani ya birika la maji, kwa sababu juani ngozi ilimwasha na haki ikampotea.

“Unyoya ni wako?” akauliza Kiboko.

“Wangu, Mheshimiwa, lakini mimi hufagia pale, na manyoya...”

“Ni wako. Kesi imekwisha. Kabla jua halijatua utatolewa nje ya lango, wewe na wanao.”

Kanga akatandaza mbawa. Vifaranga wakajificha chini yake, piyo piyo piyo! Wanane wote hawatoshi mlo mmoja wa Chui.

“Naomba kusema neno, Mheshimiwa.”

Wakageuka. Juu ya jiwe alikaa Pimbi, jirani yake Kanga, mnyama wa kuenea kwenye kofia.

“Nimepita hekaluni,” akasema Pimbi. “Mbele ya madhabahu, pale kapu linapokaa, kuna mashimo mawili ya magoti. Makubwa. Kanga ana magoti ya kuchimba shimo?”

“Kufuru!” akafoka Ngiri. “Hizo ni alama za ibada! Za magoti haziulizwi!”

“Haziulizwi,” akakubali Kiboko, akazama kidogo. “Ni sheria.”

Pimbi akajikuna sikio. Akaona mlango huu umefungwa, akatafuta dirisha.

“Basi, Mtukufu Kuhani, mimi mjinga nimekosa. Ila wananchi watabaki na shaka, na shaka ni mbaya kwa sadaka. Kwetu majabalini tuna kiapo cha kiazi. Mshukiwa huwekewa kiazi kitamu chini, kimebarikiwa, akile mbele za watu akiwa amesimama. Mwizi wa chakula cha mungu magoti humkunjika.”

Kusikia kiazi kitamu, Ngiri akameza mate. Akamtazama Kanga anavyotetemeka. Huyu, akawaza, hata akiguswa kwa ubua wa mtama ataanguka.

“Kiapo chema sana!” akasema.

“Ale Kanga peke yake? Watasema umemwonea. Wote wenye kuingia hekaluni nao wale.”

“Wote!” akaitikia Ngiri, mate yakimdondoka. “Hata mimi! Natangaza kuwa ni sheria!”

“Imeandikwa,” akasema Kiboko.

Pimbi akashuka kumnong’oneza Kanga. “Mama Madoa, jikaze.”

“We jirani umeniua! Huoni miguu inavyonicheza?”

“Iache icheze. Tangu uzaliwe, umewahi kula umepiga magoti?”

“Kula nimepiga magoti? Mimi kituko?”

“Basi kula, mama.”

Kiazi kikawekwa juu ya jani la mgomba. Kanga akatetemeka, akayumba huku, akayumba kule. Ko! Akadonoa. Ko, ko, ko! Kiazi kikaisha, Kanga bado wima.

“Zamu ya Mtukufu,” akasema Pimbi.

Ngiri akakifuata kiazi chake kwa madaha, joho likiburuta. Akainamisha kichwa. Pu! Magoti chini. Nyam, nyam.

“Anasali,” wakasema wanyama.

“Tena amebarikiwa,” akasema Pimbi. “Lakini kiapo kinasema wima.”

Ngiri akainuka haraka. “Nimeteleza! Leteni kingine.”

Kikaletwa. Pu! Magoti chini.

“Jua kali. Kizunguzungu. Kingine!”

Safari hii akakaza miguu kama vigingi. Akanyoosha shingo. Lakini shingo ya ngiri, wanangu, ni kama pesa zangu safarini: haifiki. Pua ikabaki hewani, inanusa. Akanyoosha tena, akatoa ulimi, jasho linamtoka. Pale ndipo yeye mwenyewe alipojijua. Miaka yote alidhani magoti yake ni ya uchaji, kumbe ni ya shingo fupi. Harufu ikamshinda. Pu!

Kifaranga mmoja akacheka. Kisha mji mzima ukaangua kicheko.

“Kumbe si sala!” akaguta mmoja. “Ni chakula cha mchana!”

“Na jioni!”

“Na viazi vyangu vya wiki jana!”

Faru akaja mbio. “Simama! Umevunja sheria!”

“Sisimami!” akasema Ngiri, ameng’ang’ania chini. “Aliyepiga magoti haguswi! Soma sheria, pande la nyama wewe!”

Faru akamtazama Hakimu. Hakimu akatoa mapovu majini. “Kweli, haguswi. Na akikaa hivyo miaka kumi, tutafanyaje? Na hukumu ya mwizi wa madhabahu ni kutolewa kabla ya jua kutua.”

“Hapana haja ya kumgusa,” akasema Pimbi.

Akachukua kapu la viazi vilivyobaki. Akavingirisha kiazi kimoja mbele ya pua ya Ngiri, hatua mbili. Ngiri akakitazama. Akainuka? Thubutu! Akakifuata kwa magoti, kwaru, kwaru, akakila. Pimbi akaweka kingine. Kwaru, kwaru, nyam. Wakapita soko, wakapita barabara ya wahunzi, wanyama wamejipanga huku na huku wakipiga makofi, na Kuhani Mkuu anatambaa, macho hayatoki kwenye kiazi.

Cha mwisho Pimbi alikirusha nje ya lango.

Ngiri akakifuata. Lango nyuma yake likafungwa ndii!

Akashtuka, akasimama wima kwa mara ya kwanza siku ile. Vichakani kitu kikanguruma. Ngiri akatimka, mkia juu kama mti wa bendera, joho likabaki miibani. Anakimbia hivyo hivyo hadi leo, na akituliza roho apate kula, hupiga magoti. Lakini hapana anayemwita Mtukufu.

Kanga akarudi kwake na wanawe wanane. Ingawa hajui kuhesabu, aliwahesabu mara tatu.

Msihesabu magoti ya mtu, wanangu. Inameni kwanza mtazame kilicho chini ya pua yake.