Limeruka Jina

Wapendwa, kabla sijaanza naomba radhi. Mfano wa leo nitausimulia vibaya. Nitaanzia katikati, nitasahau palipo patamu, halafu nitacheka peke yangu kabla ninyi hamjafika penye kichekesho. Mke wangu anasema tabia hiyo inamkera kuliko hata kukoroma kwangu. Lakini nivumilieni, maana mfano wenyewe nimeutunga mwenyewe, kwa kichwa changu hikihiki, juzi asubuhi nikinyoa ndevu. Nilijikata hapa, mnaona? Basi huo ndio ushahidi.

Palikuwa na fundi mmoja wa tovuti.

Naona kina bibi hapo mbele mnatazamana. Bibi, tovuti si ugonjwa. Mjukuu wako akisema "ngoja niangalie mtandaoni," pale anapoangalia kuna mtu alikaa akapanga picha ikae wapi, maandishi yakae wapi, na kitufe kile kiwe cha kijani. Mtu huyo ndiye fundi wetu.

Miaka kumi na minne alikuwa akitengeneza tovuti za watu. Ametengeneza za shule, za zahanati, na hata ya bwana mmoja muuza vifaranga, ambayo ukiifungua inalia "pii pii pii" mpaka unatafuta paka alipo. Ya kwake mwenyewe hakuwa nayo. Mmewaona maseremala wanavyopanga vitanda kando ya barabara ili mpita njia aone kazi yao? Basi huyu hakuwa na hata kigoda barabarani. Akiulizwa, "Kazi zako tuzione wapi?" anatoa simu, anaanza kupekua: "Ngoja... ngoja... ilikuwa hapahapa."

Siku moja akapata ujumbe kutoka kampuni yenye hoteli tatu mbugani. Walitaka fundi mmoja wa kuwatengenezea tovuti zote tatu na kuzitunza kwa miaka mitano. Wakasema, tutumie linki ya tovuti yako yenye kazi zako, Jumatatu saa sita mchana tunachagua. Kazi ya namna hiyo alikuwa akiiombea tangu mtoto wake wa kwanza hajaota meno, na sasa mtoto huyo anavaa viatu vya baba yake.

Akajifungia wiki mbili. Bluu peke yake aliibadilisha mara kumi na moja. Bluu ya kwanza aliona imepoa, ya pili ilifanana na sare za shule, ya tatu mkewe akasema ni ile ya ndoo yao ya kuogea, na baada ya hapo hakuweza tena kuona kitu kingine isipokuwa ndoo. Akapanga kazi zake moja baada ya nyingine, akaweka picha yake amekunja mikono kama mtu anayengoja kupewa nchi. Mwisho kabisa, chini ya kila kitu, akaweka sehemu ya "Kunihusu".

Hapo akakwama. Akampigia rafiki yake wa fani hiyohiyo.

"Kaka, niandike nini juu yangu?"

"Wateja wa siku hizi wanapenda hadithi. Andika umejifunza mwenyewe."

"Lakini si kweli sana."

"Kwani umesoma chuo?"

"Sijasoma."

"Basi umejifunza mwenyewe. Andika, kaka, inauza!"

Akaandika: "Nimejifunza mwenyewe. Sikuwahi kushikwa mkono na mtu."

Mara ya kwanza alipoisoma ilimwasha kidogo, kama lebo ya shati jipya shingoni. Akaichagulia herufi nzuri, akaipa nafasi ya kupumua juu na chini, akaisoma tena. Safari hii ilikuwa tamu. Wapendwa, uongo ukishavalishwa vizuri, mwenyewe ndiye wa kwanza kuusalimia kwa heshima.

Ikaja kazi ya kuijaribu. Tovuti haizinduliwi hivihivi. Kwanza unawapa watu waiguse, uone wanakwama wapi. Akampa mkewe.

"Nzuri," akasema mkewe.

"Nzuri vipi?"

"Nzuri, si nimesema? Kunywa chai, inapoa."

Akampa shemeji yake, ambaye simu yake ina nyufa kama shamba la mpunga wakati wa kiangazi. Shemeji akatazama picha ile ya mikono iliyokunjwa. "Huyu ni wewe, shemeji, au mdogo wako aliyesoma?" Wakacheka. Akawapa wengine watano. Wote walianza juu, wakashuka kidogo, wakasema nzuri, wakamrudishia. Hakuna hata mmoja aliyefika chini.

Ijumaa akasema, nitafute mtu mmoja wa mwisho, asiyejua kabisa mambo ya tovuti. Akikwama huyo, na mgeni wa hoteli atakwama. Ndipo akamkumbuka mama mmoja mwenye steshenari nyuma ya stendi ya zamani. Miaka tisa alikuwa hajakanyaga pale. Akachukua laptopu na mausi yake, akaenda. Na tuseme kweli, alitaka kumringia kidogo pia.

Sasa nisimame hapa niwaulize. Mnaikumbuka steshenari ya zamani? Si hizi za leo. Ile yenye kompyuta moja tu, ina kisogo kikubwa kama mfuko wa saruji, na usipoitumia inafunikwa kitambaa cheupe cha kufuma, kilekile cha kwenye makochi, kana kwamba kompyuta ni mgeni aliyelala. Mnaikumbuka harufu ya karatasi ikitoka kwenye fotokopi, ya moto kama andazi? Ulikuwa unaibana kifuani asubuhi ya baridi, hata kama ni barua ya kukataliwa kazi. Disketi tuliziandika majina kwa kalamu, tukazitia mfukoni na pipi, halafu tukashangaa mbona haifunguki! Nani hapa hajawahi kupiga foleni na vyeti vyake mkononi, akiomba umeme usikatike kabla zamu yake haijafika? Msinitazame hivyo, wengine barua zenu za uchumba zilichapwa kule.

Fundi aliposukuma ule mlango, vyote vikamrudia. Feni ilikuwa ileile, na ilikuwa bado inalia kila ikifika upande wa kushoto. Kompyuta yenye kisogo ilikuwa pembeni, imekufa siku nyingi, lakini kitambaa chake kimefuliwa na kupigwa pasi. Na mama mwenyewe alikuwa kaunta, amepungua kidogo, anamenya chungwa.

Harufu ya lile chungwa ikamrudisha akiwa na miaka kumi na tisa, siku ya kwanza ya kujifunza kazi pale, hajawahi kugusa kompyuta. Aliishika mausi akainyanyua juu, akawa anailenga kwenye skrini kama mtu anayeua mbu.

"Haipai, mwanangu," mama alimwambia. "Inatambaa."

Akauweka mkono wake juu ya mkono wa kijana, mkono unaonukia chungwa, wakaitambaza wote wawili mpaka kile kishale kikafika kinapotakiwa. Hivyo kila asubuhi, wiki nzima, bila kumpigia kelele.

Akaikumbuka na kadi ya harusi. Kadi mia mbili alizozipanga yeye, za kwanza maishani mwake, zenye maua kila kona. Zilipokwisha kuchapwa, mama wa bibi harusi akaja kuzichukua. Akaisoma moja. Akaisoma tena. Lilikuwepo jina la baba, jina la shangazi, jina la kamati nzima. Jina la mama aliyemzaa bibi harusi lilikuwa limeruka. Yule mama hakugomba. Aliuliza kwa sauti ya chini tu:

"Kwani mimi nilikufa lini?"

Kijana alitamani fotokopi immeze. Lakini mwenye steshenari akasogea mbele yake. "Kosa ni langu, dada. Mimi ndiye niliyeipitia." Hakuwa ameipitia. Wakazichapa zote upya, na walipomaliza akamwita kijana kando. "Kuanzia leo, kitu kikiwa tayari, kisome kutoka chini kwenda juu. Ukianza juu, jicho linajifanya linajua njia, linaruka. Ukianza chini, halina ujanja."

Basi sasa mama akamwona mlangoni.

"We! Ni wewe? Mbona umenenepa namna hii, wanakulisha nini huko?"

"Maisha tu, mama. Shikamoo."

"Marahaba. Miaka yote hiyo! Au ulisahau stendi ilipo?"

"Stendi ilihamishwa, mama."

"Mimi je, nilihamishwa?"

Akacheka kwa aibu. Akafungua laptopu, akachomeka mausi, akamweleza: hii ndiyo tovuti yangu, ikiwa sawa naizindua leo, Jumatatu wakubwa wa hoteli wanaiona. "Wewe iguse popote unapotaka. Nataka kuona utaanzia wapi."

Mama akafuta mikono kwenye kanga, akavaa miwani. Fundi akangoja, kidevu juu, akitamani afike haraka kwenye ile bluu.

Mama akashika mausi, akaitambaza, akashuka, akashuka, akapita picha ya mikono iliyokunjwa bila hata kuitazama, akazipita shule na zahanati na vifaranga, akashuka mpaka chini kabisa. Akaweka kidole kwenye skrini, kwenye sentensi ya mwisho.

Alianzia alikomfundisha kuanzia.

Fundi akasema, "Mama, hapo bado," lakini mama alikuwa ameshaanza kusoma. Kidole kilikuwa kinatembea pole pole. Kikasimama.

"Mwanangu," mama akasema, "hapa limeruka jina."

"Wapi, mama?" Anajua ni wapi!

Mama akamsomea, neno kwa neno, kama alivyokuwa akisoma kadi za watu: "Sikuwahi, kushikwa, mkono, na mtu." Akavua miwani, akaipangusa kwa pindo la kanga. Tabasamu lilikuwepo, lakini lilikuwa la upande mmoja.

"Kwani mimi nilikufa lini?"

Feni ikafika kushoto, ikalia, ikarudi.

Yule bwana wa miaka kumi na minne ya ufundi, mwenye kidevu juu, akashika mausi afute ile sentensi, akajikuta ameinyanyua. Kishale kikawa kinakimbia huku na huku, kitufe hakikamatiki. Mama akamtazama kidogo. Kisha akauweka mkono wake juu ya ule mkono, uleule unaonukia chungwa.

"Haipai," akasema.

Wakaifuta pamoja. Fundi akaandika jina la mama, herufi zikimwogelea machoni.

"Na usiliache huko chini," mama akamwambia, akirudi kwenye chungwa lake. "Wanaoanzia juu hawafiki huko."

Akalipandisha juu, juu ya ile bluu, juu ya picha yake. Halafu akazindua.

Naona mnaningojea. Mnataka kujua kama kazi ya hoteli aliipata, sivyo? Mimi sijui! Mnaona tulivyo? Mama wa watu amefufuliwa mbele ya macho yenu, ninyi mnauliza hoteli.

Sikilizeni, wapendwa. Sisi sote tuna sehemu yetu ya "Kunihusu". Hatuiandiki kwenye kompyuta, tunaisema kwenye sherehe tukipewa kipaza sauti, tunaisema kwa watoto wetu wakileta matokeo mabaya: "Mimi nilipambana mwenyewe!" Mwenyewe? Nani alikuchekesha siku ile ulipotaka kuacha shule? Nani alikuazima shati la usaili, lile lililokubana kwapani? Yule dada wa taipu, yule kuli aliyekuonyesha mlango wa ofisi, mwalimu aliyekushika kidole ukaandika herufi "a" ikatoka kama yai lenye mkia, wako wapi kwenye hadithi yako? Tumewazika wakiwa hai. Wengine wanakaa mitaa miwili tu kutoka kwetu, wanamenya machungwa, wanasikia tunavyojisimulia redioni, na jina limeruka. Kama Mungu angekuwa anasoma maisha yetu kuanzia juu, tungepona, maana huko juu tumepapaka bluu. Ninachohofia mimi ni kwamba anaanzia chini.

Kwa hiyo leo, ukitoka hapa, usiende moja kwa moja kwenye pilau. Pita kwa mtu mmoja. Mwambie, "Hujafa, ni mimi nilikuruka."

Ningesema amina hapo nishuke, ingekuwa mahubiri mazuri kweli. Tatizo ni kwamba kuna mtu ananitazama tangu nilipofungua kinywa, pale nguzo ya tatu, na miwani yake ameivua anaipangusa. Ni Mama Tusekile, anayetuchemshia chai kila Jumapili baada ya ibada. Jumatano jioni, nikiwa nanywa chai yake, alinisimulia mfano huu wote, kuanzia disketi hadi chungwa, na aliusimulia vizuri kuliko mimi. Hizo ndevu nilinyoa Ijumaa.

Mama Tusekile, simama wakuone. Hapana, usiniulize, mama, nakuomba. Hujafa. Mimi ndiye niliyekuzika, leo saa nne asubuhi, kwa maikrofoni.