Ukoko wa Mama

Sogeeni, wenzangu, niazimeni masikio.

Zimwi moja liliwasikia dada watatu wakimlilia mama yao aliyekufa, likawaletea chungu cha ajabu. "Kila mmoja aombe chakula kimoja tu!"

Kibibi, mpenda sifa, akaomba biriani ya kulisha mji mzima. Chungu kikafurika. Mwanatumu, mwoga wa njaa, akaomba wali usioisha. Chungu kikafurika. Siwema, mdogo wao, akasema, "Naomba ukoko, kama ule alionikwangulia mama."

Zimwi likacheka mpaka likakaa chini.

Siwema akafunua chungu. Ndani, mkono wa mama ulikuwa ukikwangua polepole, na sauti yake ikauliza, "Dada zako wamekula?"

Kibibi na Mwanatumu, midomo ingali na mafuta, wakainamia chungu wakilia.

"Bado, mama. Hatujala."