Masomo Tisa ya Fisi

Mvua ilipokosekana mwaka wa pili mfululizo, bwawa moja tu ndilo lililobaki na maji, nalo lilikuwa la Simba. Simba, aliyependa kuinamiwa hata na miti, akatangaza kuwa hamnyweshi mtu bure. Akafungua chuo papo hapo bwawani. Atakayejiandikisha atakunywa maji, na kila somo litampa bakuli moja la supu kwa siku. Atakayeanguka mtihani wa muhula atafukuzwa.

Fisi alisikia supu tu.

"Masomo mangapi?" akauliza Nungunungu, karani wa chuo, aliyeandika kwa mwiba wake mwenyewe.

"Yapo mangapi?"

"Tisa. Lakini wengi huchukua manne. Sungura kachukua matatu."

"Sungura ana tumbo la panzi. Niandikie yote."

"Bwana Fisi, mengine yanafundishwa saa ile ile!"

"Nina miguu minne, bwana karani. Andika!"

Basi Fisi akawa anaingia darasani supu ikipakuliwa, anaitikia jina, anafakamia, anatoka mbio kwenda darasa jingine. Muhula ulipokaribia kwisha alikuwa amenenepa hata hawezi kujikuna mgongo, na hajui herufi hata moja.

Mtihani ulipotangazwa, Fisi akaacha bakuli la supu nusu. Akamwendea Sungura.

"Ndugu yangu, wewe una masomo matatu, una nafasi. Niandikie majibu yangu."

"Yote tisa? Hapana, kaka."

Fisi akatoa meno nje. "Ukikataa, wewe ndiwe bakuli langu la kumi."

Sungura akachukua kalamu. "Kumbe una shida kweli. Lete karatasi."

Akaandika kurasa tisa kwa mwandiko wa kupendeza. Fisi akazishika juu chini, akatikisa kichwa kisomi, akazipeleka.

Simba alifurahi kuona rundo kubwa vile. Akakusanya chuo kizima, akapanda juu ya jiwe, akasoma kwa kunguruma:

"Mimi Fisi sijui kusoma. Ningejua, nisingeleta karatasi hizi. Nilijiandikisha kwa ajili ya supu, na mkuu wa chuo hakugundua."

Fisi aliposikia jina lake alikuwa ameshasimama ili ashangiliwe. Akaketi upesi. Kima akaanguka mtini kwa kicheko.

"Sikugundua?" Simba akafoka, manyoya yamemsimama. "Mimi? Toka hapa!"

"Mkuu, huko nje hakuna tone la maji. Nitakufa!"

Simba akamwashiria Nungunungu aandike. "Somo moja, basi. Kusoma. Na bakuli moja."

Hivyo Fisi akaketishwa mstari wa mbele, katikati ya vitoto vya ngiri, akaimba nao a, e, i, o, u, tumbo likinguruma kuliko sauti yake. Tangu hapo Nungunungu hamwandikii mwanafunzi somo lolote kabla ya kumuuliza atalisoma saa ngapi.