Bibi Wakesho Aliyemlilia Mungu

Paukwa! Haya, pakawa yenu nimeisikia. Sogeeni karibu, maana hii si ya kuchekesha.

Hapo kale, katika kijiji kimoja cha milimani, aliishi mjane aitwaye Bibi Wakesho. Mtoto akishikwa na degedege, aliitwa yeye. Mama akishindwa kujifungua, aliitwa yeye. Alikuja, akapiga magoti, akaomba. Wengi walipona.

Kisha homa ikaingia nyumbani kwake. Ikamshika Mkamburi, bintiye wa pekee. Kho! Kho! Kutwa kucha. Bibi akaomba; homa ikapanda. Akafunga, akaomba, homa ikapanda. Jumapili, kengele ya kanisa ikilia ngo! ngo! ngo!, Mkamburi akakata roho.

Wakamzika. Bibi hakulia. Alirudi nyumbani, akapiga magoti, akafungua kinywa. Kimya. Kesho yake akapiga magoti. Kimya. Akaona kama anasema na ukuta. Akamwendea mchungaji, akamwomba asimwite tena kuombea wagonjwa, kwani hakujua kama kuna anayesikia. Watu wakanong'ona kwamba Bibi ameiacha imani.

Lakini kila asubuhi alipiga magoti palepale. Siku moja maneno yakamtoka, wala hayakuwa ya sifa.

"Umemchukua kwa nini? Nilikukosea nini?"

Akalia mpaka leso ikalowa. Kesho yake akalia tena. Mvua zikaja, zikaenda. Jibu halikuja.

Mwaka uliofuata, jirani yake Mghoi, mke kijana, alizika mtoto mchanga. Akaja kwa Bibi, akaketi sakafuni.

"Bibi, Mungu yupo kweli?"

Bibi akamshika mkono.

"Mjukuu wangu, zipo siku sijui. Lakini nikiamka na uchungu wangu, namlilia yeye. Sijampata mwingine wa kumlilia."

"Na akinyamaza?"

"Amenyamaza sana. Nami sijaondoka."

Mghoi akalaza kichwa mapajani pa Bibi. Wakalia wote wawili. Ndipo Bibi, kwa mara ya kwanza tangu msiba ule, akamwombea mtu. Aliomba Mghoi apate usingizi, basi. Hakuthubutu kuomba zaidi. Na Mghoi akasinzia palepale.

Bibi Wakesho alizeeka, akafa, bila kuambiwa kwa nini bintiye alikufa. Mghoi ndiye aliyemwosha. Alikuta magoti yake yamefanya sugu, nyeusi, ngumu kama soli ya kiatu.

Nanyi wanangu, siku Mungu akiwanyamazia, mlilieni hivyo hivyo. Hadithi yangu naiachia hapo.