Jicho Jekundu la Njiwa wa Ngano

Tulieni basi, na we Kibet weka hiyo feya, hiyo manati yako, chini kwanza. Nataka mjue kwa nini huku kwetu mtu hapigi njiwa shambani bila kupaza sauti.

Kitambo sana njiwa alikuwa rangi moja tu, kijivu kama jivu la jana. Hakuwa na madoa kwa mabawa, wala huo wekundu unaozunguka jicho lake. Na hakuwa anaogopa mtu. Watu walipanda ngano pamoja mvua ya kwanza ikinyesha, mlima mzima, kwa hivyo njiwa wakija kuokota mbegu walitawanyika, wachache hapa, wachache pale, na hakuna aliyelia hasara. Ukitaka kitoweo ulichukua kombeo lako, lakini kabla ya kurusha jiwe lazima uite, "Ruka!" Njiwa wanaruka, unawapiga wakiwa juu. Maana ngano ilipandwa kwa mkono, mtu ameinama, na ukungu wa huku mnaujua. Aliyeinama akisikia "Ruka!" anasimama, anaonekana.

Sasa, kulikuwa na jamaa anaitwa Kiptalam. Kupiga njiwa kulimwingia kichwani mpaka akaona hiyo "ruka" inampotezea nyama. Akapiga hesabu yake: nikichelewa kupanda, mashamba ya wengine yakiwa yameota yote, njiwa wa mlima mzima watakuja kwangu. Watakaa wamebanana. Hata nikifunga macho nitapiga.

Akangoja. Ngano ya majirani ikatoka, ikafunika udongo. Yake bado ilikuwa kwenye vikapu.

"We Kiptalam!" jirani yake, Arap Sigei, akamwitia ng'ambo ya ua. "Unangoja ijipande yenyewe?"

"Wewe angalia majani yako. Mimi nitakula nyama."

Mkewe, Tabutany, hakucheka. "Baba Cheptoo, baridi ya sakitu itaiunguza ngano punje zikiwa bado maziwa. Huyu mtoto atakula manyoya?"

"Kesho, Mama Cheptoo."

Ikawa ni kesho ya kila siku. Na siku alipopanda, alizimwaga mbegu juu juu tu, makusudi, bila kuzifunika.

Njiwa wakaja. Walishuka mpaka udongo haukuonekana, mpaka ukaona kama shamba linapumua. Hata yeye aliingiwa na baridi, kwa sababu hawakuwa wanalia. Ni midomo tu kwenye udongo, tik, tik, tik.

Asubuhi iliyofuata ukungu ulikuwa mzito wa kushika na mkono. Kiptalam akasimama ukingoni mwa shamba na kombeo. Nikiita, akajiambia, wataruka wote. Akanyamaza. Akarusha. Njiwa wakaanguka, na wale wa kando yao hawakushtuka hata, waliendelea kula. Akarusha tena. Ndipo akaona mgongo mmoja wa kijivu katikati yao, mkubwa kuliko ile mingine, umeinama, unasogea polepole.

Huyo ndiye mkubwa wao, akafikiria. Akazungusha kombeo kwa nguvu zake zote.

Sauti iliyotoka haikuwa ya njiwa.

Kundi lote likainuka mara moja, upepo wa mabawa ukamwangusha chini. Kulipotulia akakimbia pale. Akakuta kikapu cha Tabutany kimepinduka. Akakuta mstari mrefu wa mbegu zilizofunikwa vizuri kwa vidole, unaanzia mwisho wa shamba, unaishia hapo kwenye damu. Mama wa watu alikuwa ametoka mapema aokoe mbegu, mtoto wake asife njaa. Masikio yake yalikuwa yanangoja "Ruka!" ili asimame, aonekane. Haikuja. Na Tabutany mwenyewe hakuwepo, wala ngozi ya kijivu aliyozoea kujifunika asubuhi za baridi.

"Ruka!" Kiptalam akaita. "Ruka! Ruka!" Mpaka sauti ikamkauka.

Ukungu ulipoinuka, njiwa walikuwa wamejaa juu ya paa la nyumba yake, kimya. Kila mmoja jicho lake limezungukwa na damu, na mabawa yana madoa meupe kama mbegu zilizomwagika. Cheptoo alikuwa amesimama mlangoni, amewanyooshea mikono.

"Mama," akaita, na hakuna aliyejua anamwita yupi. Kiptalam akaangalia jicho hili, akaangalia lile. Kombeo likamtoka mkononi.

Na tangu siku hiyo, huku kwetu hakuna anayechelewa kupanda kwa kupenda. Njiwa akiona mtu tu anaruka, hangoji kuitwa. Na kama shamba la mtu limechelewa, na kuna ukungu, unaita hata kama huoni kitu. Halafu unangoja. Wakiruka wote, na pale katikati ukabaki mgongo mmoja wa kijivu umeinama, unafunika mbegu, rudi nyumbani. Nyama utakula siku nyingine.