Pimbi na Mkate wa Chachu Mbili

Paukwa!

Pakawa!

Aa, sijaridhika. Wale wa mlangoni wamejaza maandazi mdomoni. Mezeni kwanza. Meeezeni! Haya, tena. Paukwa!

Pakawaaa!

Hapo sawa. Watoto njooni mbele, wakubwa kaeni nyuma, na atakayelala asikorome. Leo ngano yetu ina unga wa ngano. Ina asali, ina moto juu, ina moto chini. Tumwombe Mungu tu isiungue.

Hapo zamani za kale, wanyama walikuwa na sikukuu moja kubwa. Ilikuja mwisho wa mwaka. Siku hiyo walimshukuru Mungu aliyewaumba wote, mwenye pembe na asiye na pembe, mwenye mkia na asiye na mkia. Waliimba. Walicheza. Kisha walikaa chini wakala mkate mmoja mkubwa, wote pamoja, hata Chui.

Ndiyo, hata Chui! Alikaa katikati ya Digidigi na Sungura, mkia ameukunja kwa adabu. Maana sheria ya sikukuu ilikuwa hivi: mliokula mkate mmoja, hamlani mpaka sikukuu nyingine. Njaa ikimshika Chui, alivuka mto akawinda huko mbali.

Lakini Chui alikuwa na sharti lake. Kila mwaka alilisema.

"Mimi nautaka mkate ulioumuka. Mkate laini, ukiubonyeza unarudi. Siku mtakayonipa kigae nikitafune, mapatano yamekwisha. Nitaanza na yule aliyeukanda."

Na mkandaji wa siku zote alikuwa nani? Bi Nungu, yule nungunungu wa kichuguuni. Mpole, mcha Mungu, mikono yake ikigusa unga, unga unatii.

"Bwana Chui, mimi nina miiba," alimwambia siku moja.

"Nitainyonyoa mmoja mmoja," akajibu Chui. "Sina haraka."

Basi. Jirani ya Bi Nungu, juu ya mawe, aliishi Pimbi. Mnamjua pimbi? Mdogo, mnene, hana mkia. Lakini maneno anayo! Kila akiambiwa jambo, hata halijafika mwisho, yeye huimba:

"Najua, najua,
sina la kuuliza,
kichwa kimejaa,
hakina pa kuongeza!"

Ukimwambia, "Pimbi, jua linatua," anasema, "Najua." Ukimwambia, "Pimbi, umekalia siafu," anasema, "Najuaaa! Mama weee, najuaaa!"

Cheka, cheka. Mimi mwenyewe nacheka, Mungu anisamehe, maana si vizuri kumcheka aliyeng'atwa.

Ikafika siku moja kabla ya sikukuu. Alfajiri Bi Nungu akafungua kibuyu chake cha chachu, ile ya kuumua unga. Lo! Kimekauka kau! Na kiwanja bado hajafagia, na maji bado hajateka, na kuni bado hajapasua. Akaita:

"Jirani Pimbi! Njoo unisaidie, ndugu yangu."

"Najua!" akasema Pimbi, akaja mbio.

"Nataka uniletee chachu. Pitia kwa..."

"Najua!"

"Sikiliza kwanza, Pimbi. Ukiipata, utie kwenye unga, ukande vizuri, kisha..."

"Najua, najua! Dada Nungu, usinifundishe. Nenda kafagie kiwanja chako."

Akachukua kikapu. Huyooo! Tu-tu-tu-tu-tu! Alipofika njia panda akasimama. Akakuna kichwa.

Chachu. Chachu ni kitu gani?

Sasa, angerudi akauliza ingekuwa hatua chache tu. Lakini mdomo uliokwisha kusema "najua" utarudi vipi kuuliza? Ulikuwa mzito kama jiwe la kusagia.

Mara akatokea Kobe, polepole, kota, kota, kota.

"Pimbi, watafuta nini?"

"Chachu."

"Chachu gani?"

"Chachu... chachu!" Pimbi akatoa macho. "Wewe hujui chachu? Mkubwa mzima!"

Kobe akaona aibu, akarudisha kichwa ndani. Pimbi akabaki na swali lake. Akafikiri, akafikiri. Kisha akaruka juu.

"Embe chachu! Si watu husema embe chachu? Ndiyo hiyo! Kitu kichachu! Kitu cha kukunja uso! Jamani, mimi nina akili, basi tu nimenyimwa mkia."

Akaenda kuonja vitu. Akaonja embe bichi: likamkunja jicho moja. "Bado." Akaonja ukwaju: ukamkunja macho yote mawili. "Karibu." Akafika bondeni, penye choya. Choya mnaijua, yale maua mekundu, manene, tunayochemsha tukapata juisi nyekundu ya sikukuu. Pimbi akatia moja mdomoni. Kacha!

Macho yakafumba. Masikio yakalala. Mguu wa nyuma ukacheza wenyewe, pa-pa-pa!

"Hiii... hiii... hii ndiyo!"

Akajaza kikapu. Akarudi. Bi Nungu yuko mtoni anateka maji. Pimbi akaponda choya, pondo, pondo, akamwaga nusu ya kikapu kwenye unga, akakanda. Unga ukawa mwekundu kama shavu la bibi harusi. Akaonja. Mguu ukacheza tena, pa-pa-pa! Akaona hapana, hapa pana kasoro. Akaumwagia asali, mtungi mzima, gulu-gulu-gulu. Akakanda tena. Akafunika na jani la mgomba, na juu yake kifuniko cha chungu.

Bi Nungu akaja na maji.

"Umetia chachu, jirani?"

"Nimetia."

"Ni chachu nzuri?"

"Nzuri? Dada, nimeonja, macho yakafumba yenyewe."

"Ya huyo shoga yangu ni kali siku zote," akasema Bi Nungu, akatabasamu. "Basi tusiufunue. Unga ukifunuliwa mapema unaona haya."

"Najua," akasema Pimbi.

Mnaona? Mmoja anasema kaskazini, mwingine anasema kusini, na neno ni hilo hilo moja!

Jua likapanda. Bi Nungu anafagia, fyagu, fyagu. Pimbi anachungulia unga. Umelala. Jua likafika utosini. Pimbi anachungulia. Umelala, hata haugeuki ubavu. Akaubonyeza kwa kidole: tundu likabaki pale pale, linamtazama kama jicho.

Hapo akatokea Mama Ngedere, anabembea tawini, kibuyu shingoni.

"Pimbi wee! Mbona mwaka huu Bi Nungu hakutuma mtu kwangu? Nimeweka chachu ya sikukuu, inafoka, sikia!"

Na kibuyu kikasema: fwiii... bwi! Fwiii... bwi!

"Ch-chachu?" akasema Pimbi.

"Ndiyo, chachu! Ya kuumulia unga. Kwani mkate wenu mmeuumua kwa maombi tu?"

Moyo wa Pimbi ukaanguka, pu! Akaelewa yote. Akaukumbuka mdomo wa Chui. Akaikumbuka ile sauti: nitaanza na yule aliyeukanda.

Shetani naye hakuwa mbali. Akamnong'oneza: "Nyamaza, Pimbi. Chui anajua mkandaji ni Bi Nungu. Ataliwa yeye. Wewe utalia mazishini. Utalia sana, watu watakusifu."

Pimbi akanyamaza. Akatazama kiwanjani. Bi Nungu amemaliza kufagia, amepiga magoti kwenye vumbi, anasali kabla ya kuwasha moto. Pimbi akasikia:

"Mungu wangu, nakushukuru kwa siku hii. Umbariki jirani yangu Pimbi. Bila yeye ningefanya nini?"

Lo! Choya haikumkunja uso kama yalivyomkunja maneno hayo. Pimbi akakimbia, tu-tu-tu, akajitupa miguuni pa Bi Nungu.

"Dada, usiniombee! Nipige kwanza!"

"Una nini, Pimbi?"

"Sikujua! Nilisema najua, sikujua! Ulisema chachu, nikaleta choya! Nikatia asali kuficha! Unga umekufa, dada, umelala kama jiwe, na Chui atakuja, na wewe atakunyonyoa!"

Miiba ya Bi Nungu ikasimama yote, chwaaaa! Pimbi akafumba macho. Akangoja.

Kisha akasikia, "Hi." Kisha, "Hi-hi." Akafumbua jicho moja. Bi Nungu amejishika mbavu.

"Choya! Ukaitia... choya! Na mimi nakuuliza ni nzuri, unaniambia macho yamefumba!" Akacheka mpaka miiba ikagongana, cha-cha-cha-cha. Kisha akafuta machozi, akasimama. "Umenikosea, Pimbi, na umenitia hatarini. Lakini umesema wakati jua bado liko juu. Ungeniambia kesho, ningekuwa kitoweo. Shoga Ngedere! Lete kibuyu!"

Mama Ngedere akaruka. Wakafunua unga, wakamimina chachu ya kweli, bwii! Pimbi akasimama pembeni. Bi Nungu akamtazama.

"Haya, kanda."

"Dada... nakanda vipi? Sijui vizuri."

Mama Ngedere karibu aanguke. "Amesema nini? Rudia, Pimbi!"

"Sijui," akasema Pimbi. Akajisikia mwepesi! "Sijui! Nifundisheni!"

Wakamfundisha. Akakanda. Wakafunika.

Sasa sikilizeni. Chachu imekuta asali, asali imekuta joto, joto limekuta jua la mchana. Kilichotokea humo ndani Mungu ndiye anajua. Ila kifuniko kilianza kucheza. Ti! Ti! Ti-ti-ti! Kikainuka.

"Kikalie, shoga!" akapiga kelele Bi Nungu.

Mama Ngedere akakikalia. Kikamwinua!

"Jamani, napanda! Napanda bila mti!"

Sungura akaja, akakikalia. Wakapanda wote wawili. Kobe akaja, kota, kota. "Niwekeni na mimi." Wakamweka. Bwi! Wakapanda wote watatu, wanashikana, wanacheka, wanapiga kelele. Unga mwekundu ukachungulia pembeni ya chungu kama ulimi. Digidigi akaulamba, akaruka juu kama kipande cha bisi!

Bi Nungu akaushusha unga, akaugawa kwenye vyungu vikubwa viwili badala ya kimoja, akaweka moto chini, akapalia makaa juu ya vifuniko. Choya iliyobaki kikapuni akaichemsha na asali mpaka ikawa rojo zito, linang'aa. Harufu! Harufu ikapanda kilima, ikashuka bonde, ikavuka mto. Ikamkuta Chui amelala, ikamvuta pua.

Sikukuu ikafika. Wakaimba. Wakashukuru. Wakaketi. Mikate ikaletwa, imejaa, imeumuka, na rojo jekundu juu linateremka, tiririri. Chui akapewa kipande cha kwanza.

Chui akauma. Akatafuna.

Macho yakafumba. Masikio yakalala. Sharubu zikasimama. Mguu wa nyuma ukacheza wenyewe, pa-pa-pa!

"Nani," akasema kwa sauti nzito, "nani ameukanda mkate huu?"

"Ni mimi," akasema Bi Nungu.

"Hapana!" Pimbi akasimama. "Mzee, ni mimi. Niliambiwa niumue, sikujua, nikajifanya najua. Nikatia uchachu mahali pa chachu. Dada Nungu aliniokoa, na Mama Ngedere. Kama ni kunyonyoa, mimi sina miiba. Nina manyoya tu."

Chui akaubonyeza mkate kwa kidole. Ukashuka. Ukarudi. Akaubonyeza tena. Ukashuka, ukarudi.

"Umeumuka," akasema.

"Umeumuka mpaka umenipandisha hewani!" akadakia Mama Ngedere.

"Lakini ni mchachu."

"Ni mchachu, mzee," akasema Pimbi.

"Na ni mtamu."

"Hilo sikulikusudia, mzee. Hilo ni la Mungu."

Chui akafikiri. Akamgeukia Digidigi aliyekaa ubavuni pake, amwulize yeye anauonaje. Akashtuka, akarudi nyuma! Digidigi yule, mnyonge yule, mdomo wake wote ni mwekundu. Mwekundu mpaka puani, na tone moja linadondoka kidevuni.

"Digidigi," akasema Chui taratibu, "umekula nani?"

Digidigi, ambaye tangu azaliwe hajawahi kumtania hata mende, akajilamba, akasema:

"Nimemmaliza Chui wa mwaka jana. Na wewe sogea, bado nina njaa."

Kisha kitu kikatoka tumboni kwa Chui, kikapanda kifuani, kikafika kooni: "Ho. Ho-ho. HO-HO-HO!" Chui anacheka! Akaanguka chali, miguu juu, meno mekundu nje. Ndipo wote wakatazamana, wote midomo myekundu kama wawindaji, Sungura, Kobe, Ngedere, Bi Nungu. Kicheko kikawaka kiwanja kizima. Kobe akacheka mpaka akazunguka kama pia.

"Kaeni," akasema Chui alipopata pumzi. "Vyungu viwili, unga mmoja: tumekula mkate mmoja. Hatulani. Ila mwaka kesho msithubutu kuniletea ule mweupe."

Basi tangu siku hiyo mkate wa sikukuu ukatiwa chachu mbili, ya kibuyu na ya choya. Na Pimbi akaacha wimbo wake. Ukipita penye mawe ukamsikia anapiga kelele kwa nguvu zake zote, watu husema analia. Halii. Anasema, "Sijuiii! Sijuiii! Nifundisheniii!" Na hana aibu hata kidogo.

Wenzangu, mafunzo yake ni haya. Usilolijua, uliza. Ukikosea, sema upesi, kabla kosa lako halijamfikia mtu asiye na hatia. Mungu husikia toba, na jirani mwema naye husikia.

Hadithi yangu imeishia hapo, kwenye makombo ya Chui. Aliyemaliza maandazi yote kule mlangoni na asimame sasa hivi aseme, jua bado liko juu.